Hema la Kanispi

4 Februari

Theluji tena, shule imefungwa. Sote wanne tulikuwa sebuleni kwa sababu chumba chenye joto ni hicho kimoja, tumelizunguka jiko la mafuta ya taa, na bado kila mtu alikuwa kwake. Mume wangu Sirwan kajifunika koti hadi puani. Lana kaziba masikio, anapambana na hesabu zake. Rebaz, kifungua mimba wangu, anatazama simu. Nikasema kwa ile sauti ninayoitumia darasani:

"Baada ya Newroz tunakwenda Kanispi. Sisi wanne. Tunalala kwenye hema, shambani kwa shangazi Gelawezh."

"Mama, mwaka huu nina mtihani wa mwisho," akasema Lana. "Unataka nifeli kwa ajili ya mbuzi?"

"Utasoma chini ya miti. Mbuzi hawatakuuliza maswali."

Sirwan akatoa pua kwenye koti. "Nyumba ya shangazi ina vyumba. Hema la nini?"

"Ndiyo raha yenyewe."

"Raha," akasema, kama mtu aliyetafuna wali wenye mchanga.

Nilidhani Rebaz ndiye atakayekuwa mgumu. Siku hizi neno lake moja hulipati mpaka uliombe mara tatu. Akainua macho akasema, "Wazo zuri, Mama. Twende."

Nimefurahi. Hapa Suleimaniya kila nyumba hutoka seyrani, matembezi ya kula nje, majani yakichipua: zulia, birika, sufuria ya dolma, na jua likizama mmesharudi. Mimi nataka zaidi ya hapo. Nataka kuamka nao nje. Rebaz ana miaka ishirini, Lana kumi na saba. Nani ajuaye ni masika gani ya mwisho tutakayoenea sote kwenye gari moja?

7 Februari

Mvua juu ya theluji. Mtaa mzima ni uji wa matope.

11 Februari

Nimempigia shangazi Gelawezh. Ndiye aliyemlea Sirwan, na miaka yote hii bado ananiita bi arusi.

"Bi arusi, mna nini nyie watu wa mjini? Mimi nimehangaika maisha yangu yote nipate paa, wewe unataka kulikimbia?"

"Tunataka hewa, shangazi."

"Hewa ipo tele, hakuna wa kuivuta. Njooni. Ila msiniletee wale kuku wenu wa mjini, mbwa wangu atawacheka."

Nikamuuliza kama mkondo wa maji wa kijijini unavukika. Akasema masika unavukika ukitaka wenyewe.

15 Februari

Mvua.

19 Februari

Sijui nini kimemwingia Rebaz, na sitaki kuuliza kisije kikatoka. Leo kapanda juu ya paa kulitengeneza lile bomba la mvua ambalo baba yake amekuwa akiliahidi tangu kiangazi. Jana alikaa na Lana kwenye hesabu, hakumwita mjinga hata mara moja. Asubuhi, nilipokuwa nakanda unga, alinikumbatia kwa nyuma akakaa hivyo.

"Una nini?"

"Sina kitu. Unanukia mkate."

Sirwan anasema mtoto anakua. Mimi nasema ni safari. Mtu akiwa na jambo jema mbele yake, hata mwendo wake hubadilika.

26 Februari

Mwalimu mwenzangu ameniazima hema. Baada ya chakula cha mchana watoto walitoka, nikalifungua sebuleni nione kama halijatoboka. Likasimama katikati ya mazulia, la buluu, linanuka nailoni na vumbi. Nikaingia, nikamwita Sirwan aje aone nafasi ilivyo.

Hakuja. Nikamwita tena. Nilipotoa kichwa nikamkuta kaegemea ukuta, uso wake mweupe kama chokaa.

"Sirwan?"

"Lifunge."

"Ni hema tu."

"Shokhan, tafadhali. Lifunge."

Nikalifunga. Nilikuwa nimekasirika, nakiri, maana nilishaanza kusema moyoni kwamba mume wangu mvivu, hataki kuinuka kwenye jiko lake. Nikampa chai. Akaishika bila kuinywa. Ndipo akaniambia.

Nilijua kwamba walikimbilia mpakani mwaka tisini na moja, jeshi la serikali lilipotugeukia sisi Wakurdi, kama tulivyokimbia wote. Nilijua kwamba alikuwa na mdogo wake wa kike, Chinar, aliyefariki utotoni. Hilo la pili aliliweka kila mara katika sentensi moja fupi, nami sikuwahi kuipekua. Leo kaniambia kwamba walikaa chini ya karatasi ya nailoni, mvua haikati, na kwamba yeye alikuwa na homa. Mama yake akamlaza katikati, penye joto. Chinar akalala pembeni, kwenye ukuta wa nailoni uliokuwa ukitiririka maji.

"Mahali pale palikuwa pangu," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nalala pembeni. Tulibadilishwa kwa sababu ya homa. Nilipoamka walikuwa wamekwisha kumzika."

Niliuchukua mkono wake nikauweka magotini pangu, tukakaa mpaka chai ikapoa. Mwisho nikamwambia tutalala ndani kwa shangazi, hema nitalirudisha.

"Hapana. Nyie laleni kwenye hema, mcheke. Mimi nitalala ndani, niwasikie mkicheka."

Mtu unaweza kuishi naye, ukamfulia, ukamzalia, na bado akawa na chumba kimoja hujaingia.

3 Machi

Mvua. Lana kafaulu jaribio la fizikia. Kaka yake kapika kwa furaha, yaani maharagwe yaliyoungua.

12 Machi

Rebaz kaja na viatu vya mlimani, vizito, vya soli nene. "Vya Kanispi?" nikamuuliza. Akasema, "Vya kutembelea, Mama." Nikamsifu mbele ya baba yake. Tarehe tumeiweka: nne Aprili.

16 Machi

Lana hali chakula vizuri. Namuuliza, anasema mtihani.

21 Machi

Newroz, mwaka mpya wetu. Jana jioni tulipanda kilimani kuwasha moto pamoja na mtaa mzima. Rebaz alicheza dansi yote kwenye mstari kati yangu na Lana, vidole vyetu vimefungamana kama ilivyo desturi, bega kwa bega. Aliushika mkono wangu kwa nguvu mpaka pete ikaniuma. Nikamwambia taratibu, utanivunja. Akacheka, hakuulegeza. Lana alitoka kwenye mstari kabla ngoma haijaisha, akasema moshi umemwingia machoni.

23 Machi

Nilikuwa nakata vitunguu. Lana akaingia jikoni akafunga mlango.

"Mama, nikikwambia kitu utaapa hutasema ni mimi niliyekwambia?"

"Siapi. Sema."

"Rebaz hatakuwepo Kanispi."

"Kwa nini asiwepo? Viatu kanunua."

Akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye mtoto. Kisha akalia. Rebaz anaondoka tarehe ishirini na nane, yeye na rafiki yake Hiwa na ndugu yake Hiwa. Uturuki, halafu boti, halafu anakojua Mungu. Kamwambia dada yake peke yake, na kamwambia akae karibu nami.

Nilikaa kwenye kiti nikiwa bado na kisu mkononi. Mambo yote mazuri ya mwezi mzima yakageuka mbele yangu, moja baada ya jingine, yakanionyesha upande wa pili. Bomba alilitengeneza kwa sababu mvua ijayo hatakuwepo. Hesabu za Lana, mkono wangu kwenye dansi, harufu ya mkate. Na ule upesi wake wa kukubali! Nilikuwa na watu wawili waliobisha, wakabisha kwa sababu walidhamiria kwenda. Aliyesema "twende" ndiye ambaye hakuwa safarini. Ni rahisi kuisifu karamu usiyokusudia kuila.

Mtaa wa nyuma yetu yuko mama ambaye simu ya mwanawe ilizimika kwenye maji ya Ugiriki. Mpaka leo hakubali kubadilisha namba yake. Akija kutusalimu huiweka simu mapajani, uso juu, nasi sote tunajifanya hatuioni.

Sirwan aliporudi kazini nilimwambia tukiwa wawili. Sijawahi kumwona vile.

"Nitaichoma pasipoti yake! Nitamfungia ndani kama kondoo!"

"Ukiichoma ataondoka bila pasipoti. Unataka hivyo?"

"Basi nifanye nini, Shokhan? Nimshangilie?"

Alizunguka chumba. Akafungua dirisha, akalifunga. Akakaa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Safari tulisema lini?"

"Tarehe nne."

"Mbona isiwe keshokutwa?"

Akainuka akaenda kabatini, na yeye mwenyewe, kwa mikono yake, akalitoa hema.

24 Machi

"Leo tunajiandaa," nimewaambia watoto, "kesho tunaondoka."

Rebaz alibadilika rangi. "Lakini tulisema Aprili."

"Aprili mvua itazidi," akasema baba yake, uongo mtupu, macho kwenye sahani.

"Tunarudi lini?"

"Ishirini na saba."

Nilimwona akipiga hesabu. Kisha akatulia. "Sawa."

Mimi na Lana tumekunja dolma mchana kutwa, jani la mzabibu, wali, jani, wali. Mara moja tu alinong'ona, "Unanichukia?" Nikamlisha jani moja bichi mdomoni kumnyamazisha.

25 Machi, Kanispi

Tumefika. Njiani mlozi umechanua, na vile vibao vyekundu vya kuonya mabomu ya ardhini bado vipo kando ya barabara. Nimewaambia watoto kama ninavyowaambia kila mwaka, kanyageni palipokanyagwa. Mkondo tuliuvuka, maji nusu gurudumu.

Shangazi Gelawezh kanipokea kwa kunishika mashavu. "Bi arusi, umekonda, wanakulisha nini hawa?" Kisha akamgeukia Rebaz. "Na huyu nguzo ya umeme ni wa nani?"

"Wako, bibi."

"Wangu angekuja kunipasulia kuni kabla sijafa."

Akapasua kuni. Halafu yeye na baba yake wakalisimamisha hema chini ya miti ya jozi, mmoja ameshika kigingi, mwingine ameshika nyundo. Sirwan alipiga kila kigingi kama ana ugomvi nacho. Alipomaliza alikwenda kukaa barazani kwa shangazi, mbali. Tumekula nje. Kwenye vilele bado theluji, huku chini nyuki. Lana kasoma kurasa mbili, akalala juu ya kitabu.

26 Machi

Asubuhi tulipanda mlima kutafuta rubabu mwitu, yale mabua machachu ya masika, watu watatu na mbwa. Lana aliteleza akashuka mteremko mzima kwa makalio, akasimama na shina moja la rubabu mkononi akipiga kelele, "Sijaliachia!" Rebaz alicheka mpaka akakaa chini. Kicheko hicho nilikuwa sijakisikia tangu amalize chuo. Nikawaza, ewe Mola, nisaidie nisimfunge huyu mtoto kwa kicheko chake mwenyewe.

Mchana mvua ikatukuta tukiwa kwenye hema. Ilianza na matone, halafu ikamwagwa. Tukakaa watatu, magoti kidevuni. Kupitia mlangoni tukamwona Sirwan akitoka barazani, anakuja katikati ya mvua bila mwavuli, birika mkononi.

Akafika mlangoni akasimama. Maji yanamtiririka.

"Baba, ingia, chai inaingia maji!" akasema Lana, ambaye habari za Chinar hazijui.

Akainama. Akaingia. Akajisogeza mpaka pembeni kabisa, mgongo wake ukagusa nailoni iliyolowa.

"Huko panavuja," akasema Rebaz. "Njoo katikati."

"Hapa ndipo pangu."

Akawahadithia Chinar. Aliwaambia zaidi ya alivyoniambia mimi. Kwamba alikuwa na kithembe, akiitwa Chinar anajitaja Tinar. Kwamba alikuwa akimfuata kaka yake mpaka chooni. Lana alilia waziwazi. Rebaz alikuwa akiitazama ile sehemu ya nailoni nyuma ya bega la baba yake.

"Mimi nilitoka nchi hii kwa miguu nina miaka tisa," akasema Sirwan. "Sikuulizwa. Njia naijua ilivyo. Wewe umefikiri nitakupiga. Sitakupiga, na sikwambii usiende. Nimekuja unione nilivyo, basi."

Rebaz akamgeukia dada yake. "Umesema."

"Nimesema. Nipige wewe ukitaka."

Hakumpiga. Alifunika uso kwa viganja. "Ningefanya nini, Baba? Cheti kiko ukutani, mimi niko kitandani mpaka adhuhuri. Nikiomba hata kazi ya kuosha magari wananiuliza, nani anakufahamu? Sahani ya chakula Mama akiniwekea naona haya kuimaliza."

Hilo la sahani lilinichoma. Nilidhani hapendi mapishi yangu.

"Ungetuaga?" nikamuuliza.

"Ningewapigia kutoka Istanbul."

"Kutoka Istanbul," nikarudia.

Chai tuliinywa, nusu yake mvua.

27 Machi

Mkondo umefura. Maji ya kahawia, yanabiringisha mawe, unayasikia kutoka hemani. Gari haliwezi kupita. Hakuna aliyepanga hivi, naandika ili isije ikasemwa ni hila yangu. Rebaz kashuka kuyaangalia maji mara kadhaa.

28 Machi

Asubuhi jirani wa shangazi, Ferhad, alikuja na trekta lake. "Nani anavuka? Nawahi soko!"

Rebaz alikuwa tayari na mfuko begani. Simu yake ilikuwa ikilia tangu alfajiri. Nilikuwa nakanda unga barazani. Nikasimama na mikono yenye unga.

Sirwan akamfuata akauchukua ule mfuko. Nilidhani ataurusha majini. Badala yake aliubeba mpaka kwenye trekta, akiingia kwenye matope hadi magotini, akauweka juu.

"Panda, mwanangu. Navuka nawe. Nitakupandisha gari huko ng'ambo kwa mkono wangu. Lakini hutoki kwangu kama mwizi."

"Sirwan!" shangazi akapiga ukelele. "Wazimu umekupanda?"

"Niache, shangazi."

"Mnapanda au hampandi?" akauliza Ferhad. "Soko halinisubiri!"

Rebaz aliweka mguu kwenye kingazi. Trekta linanguruma, linatetemeka, naye anatetemeka nalo. Lana alikuwa ameushika mkono wangu wa unga. Nilitaka kupiga yowe, nikajiambia, Shokhan, ukipiga yowe leo atabaki, na atabaki kwa yowe lako maisha yake yote. Nikauma mdomo.

"Baba," akasema Rebaz, "umezama mpaka magotini."

"Naona."

"Utatokaje?"

"Sijafika hapo bado."

Rebaz akacheka. Kicheko kikamgeukia njiani kikawa kitu kingine. Akashusha mguu. Akauchukua mfuko, na kwa mkono wa pili akamvuta baba yake. Kiatu kimoja cha Sirwan kikabaki humo humo mpaka sasa.

"Leo hapana, mjomba," akamwambia Ferhad. "Maji yakipungua njoo utuvute na gari letu."

"Mngesema mapema! Mmenipotezea soko kwa ajili ya ngoma zenu za kifamilia!"

Baadaye Rebaz alikwenda peke yake mtini kumpigia Hiwa. Aliongea muda mrefu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akaomba mkate. Nilimpa wa kwanza kutoka kwenye kaango. Akaula wote, akaomba mwingine.

30 Machi

Nyumbani. Nguo chafu mlima mzima. Sirwan kaendesha na kiatu kimoja.

3 Aprili

Hiwa amefika Uturuki. Zaidi ya hapo hatujui. Mama yake nilimkuta dukani, tukashikana mikono bila maneno. Rebaz hakula jioni. Sikumlazimisha, nikaifunika sahani nikaiacha.

9 Aprili

Jua kamili, la kwanza mwaka huu. Nilikuwa juu ya paa naanika mashuka, Rebaz akaja kunisaidia bila kuitwa. Tangu turudi anakwenda na baba yake kazini, kufunga viyoyozi kabla ya joto. Hajasema kama anapenda.

"Mama, usidhani nimebaki moja kwa moja."

"Sidhani."

"Nimesema sitakwenda na wale. Sikusema sitakwenda."

"Nilisikia vizuri, mwanangu. Mimi ni mwalimu, nazijua sentensi."

Akatazama mji. Kisha akasema, "Nikienda nitakuaga mchana. Mlangoni. Baba akiwepo."

Nikatandaza shuka kwenye kamba. "Na mimi nitalia mchana huo huo, mtaa mzima unisikie."

"Mtaa mzima?"

"Mpaka mlima Azmar."

"Basi itabidi nifikirie tena," akasema, akatabasamu kidogo upande mmoja wa mdomo.

Nikampa ncha ya shuka lililolowa. Akaisokota kuelekea kwake, nami nikaisokota kuelekea kwangu, tukakaza wote wawili mpaka maji yakakoma kudondoka.